Mzee yuko kwenye kemo ya kansa ya mapafu, anakonda kila kukicha na nyumbani tunagombana kuhusu chakula

#1 Mwana wa Kibosho

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Baba yangu ana miaka 66, ana kansa ya mapafu, ile wanayoiita ya seli zisizo ndogo. Ilianza na kikohozi, jasho la usiku na kukonda, zahanati moja ikamwanzishia dawa za TB ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Muda ukapotea hapo. Baadaye CT scan, akachukuliwa kinyama, majibu yakatoka. Sasa anapata dripu za kemo kila baada ya wiki tatu, mzunguko wa pili umeisha.

Tatizo lililonileta ni uzito. Alikuwa kilo 71 kabla ya kuumwa. Mizani ya kliniki juzi imesoma 62. Mkanda umetobolewa matundu mapya, saa ya mkononi inazunguka.

Shangazi yetu amekuja kutoka Rombo kusaidia, tunamshukuru, lakini ameingia na sheria zake: sukari marufuku, nyama nyekundu marufuku, maziwa marufuku, anasema hivyo vyote vinalisha kansa. Asubuhi mzee anapewa chai ya majani ya mstafeli, mchana ugali wa dona na mchicha wa kuchemsha, usiku uji mwepesi usio na kitu. Mama naye akipata upenyo anapika mtori. Mzee anakula vijiko vitatu anasukuma sahani, anasema kila kitu kina ladha ya chuma. Mama analia jikoni, anaona kama mapishi yake yamekataliwa baada ya miaka yote hii. Kaka yuko Dar, kila akipiga simu ni neno moja tu, "mlazimisheni".

Naombeni mwongozo. Tumlishe nini? Na je, ni kweli kuhusu sukari na nyama? Tuko Kibosho, tuna ng'ombe mmoja wa maziwa, kuku wachache na migomba, kwa hiyo msinitajie vitu vya supermarket.

#2 Kijana wa Soweto

Pole sana mkuu. Shangazi yuko sahihi kabisa. Sukari ndiyo chakula cha kansa, ukiikata kansa inakufa njaa. Mstafeli usiache, kuna jirani yetu hapa Soweto alipona. Ongeza na juisi ya karoti na vidonge vya vitamini A, vinasafisha mapafu.

#3 Ngarenaro Mjini

Jirani, jirani, jirani. Mwaka 2011 nchi nzima ilijaa Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, na kila mmoja wetu alikuwa na jirani aliyepona. Huyo jirani hajawahi kuonekana mpaka leo.

Mwana wa Kibosho pole sana. Subiri wenye taaluma waje.

#4 Lishe Kwanza

Mwana wa Kibosho, pole, na mfikishie mama pole yangu. Mimi ni mtu wa lishe, nafanya kazi wodini huku kaskazini. Habari ya nyumba yenu naisikia karibu kila kliniki, na shangazi huwa yumo (samahani shangazi, najua unampenda kaka yako).

Nianze na mama. Mzee hajakataa mapishi yake. Mtu wa kawaida akishinda njaa, mwili hubana matumizi, huchoma mafuta kwanza na kuilinda misuli. Kwenye kansa ya mapafu mambo huenda kinyume. Kinga inamwaga kwenye damu kemikali zilezile zinazotoka mtu akiwa na homa kali, zinapanda kichwani zinazima hamu ya kula, na huku chini zinaamrisha misuli ivunjwe. Ni gari limeegeshwa pale Boma Mbuzi injini inaunguruma, mafuta yanaisha na safari hakuna. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu anakula kiasi na bado anapungua.

Hali hiyo inaitwa kakeksia. Mwaka 2011 mabingwa wa nchi mbalimbali walikubaliana namna ya kuitambua, na kigezo kikubwa ni kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kukusudia. Mzee kutoka 71 hadi 62 ni karibu asilimia 13. Kwa hiyo hatuzungumzii tena kuzuia, tunazungumzia kupunguza kasi. Nikuambie wazi, chakula peke yake hakirudishi misuli yote iliyokwenda, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Lakini mgonjwa anayeshikilia kilo zake huivumilia kemo vizuri zaidi. Anayeporomoka ndiye daktari hulazimika kumpunguzia dozi au kumsogezea mbele mzunguko.

Sasa kabla hujauliza ale nini, uliza nini kinamzuia kula. Hapa ndipo familia nyingi zinapitiliza. Tazameni mdomo kwa tochi: kuna vidonda? Kuna utando mweupe kwenye ulimi? Utando huo ni fangasi, una dawa yake, na hakuna mtori utakaopita pale kabla haujatibiwa. Choo anapata? Dawa za maumivu kama morfini ya maji na hata baadhi ya dawa za kuzuia kutapika zinafunga choo, na mtu mwenye choo cha siku nne tumboni hana nafasi ya ugali. Kichefuchefu je? Dawa zake za kutapika anazimeza wakati gani? Nyingi hazifai kusubiri mpaka atapike, anameza kama nusu saa kabla ya kula. Maumivu yametulizwa? Mtu hawezi kula huku kifua kinamchoma.

Kuna mambo mawili ya kansa ya mapafu hasa. La kwanza ni pumzi. Kutafuna na kumeza ni kazi, na mtu anayehema anachoka katikati ya sahani, ninyi mnadhani ameshiba. Akae wima, apumzike robo saa kabla ya kula, chakula kiwe laini. La pili, sauti yake imekwaruza? Akinywa maji anapaliwa? Uvimbe kifuani unaweza kubana mshipa wa fahamu unaoendesha koo la sauti, na hapo maji yanaweza kuteremkia kwenye mapafu. Ukiona hivyo mwambie daktari mapema, usisubiri tarehe ya kliniki. Na kama ghafla amekuwa na kiu kubwa, choo kigumu, usingizi mwingi na kuchanganyikiwa, omba wapime kalsiamu kwenye damu. Baadhi ya kansa za mapafu huipandisha, na ikipanda hamu ya kula hufa kabisa.

Kuhusu kiasi. Mwongozo wa wataalamu wa lishe wa Ulaya kwa wagonjwa wa kansa ni kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo. Mzee wa kilo 62 anahitaji kalori kama 1,550 hadi 1,860 na protini kati ya gramu 62 na 93. Usiogope namba. Mayai mawili yana kama gramu 12, nusu lita ya maziwa 16, kipande cha nyama iliyopikwa cha gramu 100 kina kama 25, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, konzi ya karanga 7. Jumla umeshafika 75, na vyote vinapatikana hapo kwenu, kimoja bandani na kingine Mbuyuni sokoni. Sasa weka pembeni yake ratiba ya shangazi: dona, mchicha, uji wa maji. Tumbo linajaa, misuli haipati kitu.

Kwa hiyo nyama irudi, mayai yarudi, maziwa yarudi leo. Kama figo zake zina shida (baadhi ya dawa za kemo huzigusa) daktari atawaambia kiasi, lakini msijipunguzie wenyewe kwa kuhisi.

#5 Mwana wa Kibosho

Aika sana mtaalamu. Nimemulika mdomo. Ulimi una utando mweupe kweli, na kwa ndani kuna kidonda. Hakuna mtu aliyewahi kutazama, na yeye mwenyewe hakusema. Kesho asubuhi nampeleka.

Choo ni siku ya tatu leo.

#6 Mama Njiro

Mwanangu pole. Mimi nilimuuguza mume wangu na kansa hiyohiyo hapa Arusha, kwa hiyo nitasema ya jikoni, ya kitaalamu nawaachia wenyewe.

Sahani kubwa iondoke mezani. Mgonjwa akiona mlima wa chakula anashiba kwa macho. Mimi nilihamia kwenye kisosi na kikombe, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili hivi, na sikuwa namuuliza "utakula?" maana jibu ni hapana. Naweka tu karibu yake, naendelea na shughuli zangu. Chakula kikubwa cha siku kiwe asubuhi. Wengi asubuhi wana nguvu kidogo, jioni wameshachoka. Habari ya kwamba asubuhi ni chai na mkate hiyo ni desturi yetu tu, hakuna amri iliyoandikwa. Mume wangu alikuwa anakula ndizi nyama saa moja asubuhi.

Ladha ya chuma inatokana na dawa. Ficha vijiko vya bati, mpe cha plastiki au cha mti. Nyama nyekundu ikimnukia vibaya usibishane naye, mpe yai, kuku, samaki au maharage, siku nyingine mjaribu tena. Chakula cha baridi au cha uvuguvugu hakinuki sana kama cha moto, kwa hiyo mpikie mbali naye, ukipakua acha kipoe. Limau kidogo au tangawizi husaidia kama mdomo hauna vidonda. Kama una vidonda, limau, pilipili na nyanya za kukaanga weka kando kwanza. Asukutue kila baada ya kula na kabla ya kulala: maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi ya kawaida, magadi msiguse. Mswaki uwe laini.

Sasa uji, maana hapo ndipo watu wa kwetu tunajidanganya. Uji mwepesi ni maji yaliyotiwa rangi. Kikombe kimoja hakifiki hata kalori 110. Chukua uji huohuo wa ulezi, badala ya maji yote weka nusu maziwa, ukishaiva koroga vijiko viwili vikubwa vya karanga za kusaga, kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti au samli, sukari vijiko viwili vya chai. Kikombe ni kilekile, mzee anameza vilevile, lakini umepita 400. Hiyo ndiyo siri yote, kitu kidogo kilichobeba vingi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 na hakijazi tumbo. Parachichi lisagwe na maziwa. Kibosho mnalishia nguruwe parachichi zinazoanguka, jamani!

Na mtori, mama yako yuko sahihi moja kwa moja. Wachagga mnampa mama aliyejifungua mtori mkijua mnachofanya: ndizi laini, nyama imeiva ikakaribia kuyeyuka, inapita hata kwenye koo bovu. Amwambie muuza nyama ampe yenye mafuta kidogo, aiponde ndani, aongeze kijiko cha samli au maziwa mwishoni. Kwetu Arusha nilikuwa napika loshoro, mahindi yakilainika kabisa na mtindi, alikuwa anaomba hata usiku.

Kunywa iwe katikati ya milo. Akinywa maji mengi wakati wa kula, tumbo limekwisha. Na chai ya rangi ikae nyuma ya foleni. Kila kikombe cha chai ya rangi kimechukua nafasi ya kikombe cha maziwa.

La mwisho, wageni. Jumapili baada ya misa watakuja wengi na atatokea mmoja wa kusema "jamani mzee umekwisha!" mbele yake. Msimamie mlangoni. Mume wangu baada ya kauli hiyo moja alikaa bila kula mpaka kesho yake.

#7 Mwana wa Kibosho

Mama Njiro nimemsomea mama huu ujumbe wote. Kwenye mtori ameinuka kabisa kwenye kiti.

Ila shangazi naye amesikia, anauliza swali lake liko wapi. Sukari.

#8 Kijana wa Soweto

Nami nauliza hilohilo. Msitukebehi. Hata wazungu wamethibitisha kansa inakula sukari, ile skani ya PET mgonjwa anachomwa sukari yenye mionzi halafu kansa inawaka. Sasa mtu anawekewa sukari kwenye uji?

#9 Lishe Kwanza

Kijana wa Soweto hoja yako ina msingi na nitaijibu kwa heshima. Ni kweli. Mjerumani Otto Warburg aliona tangu miaka ya 1920 kwamba seli za kansa hutumia glukosi kwa pupa, na PET inatumia tabia hiyo. Tatizo liko kwenye hatua inayofuata, ile ya kusema basi tusimpe sukari.

Damu lazima iwe na glukosi muda wote, ubongo unaitegemea. Usipoila, ini linaitengeneza lenyewe. Inaitengeneza kutokana na nini? Kwa sehemu kubwa kutokana na protini, yaani misuli. Kwa hiyo mgonjwa aliyenyimwa wanga na sukari huku amekonda, kansa yake inaendelea kupata glukosi kama kawaida, isipokuwa sasa inatolewa kwenye mapaja yake. Uliyemfunga njaa ni mzee.

Simaanishi anywe soda kreti zima. Soda zinajaza tumbo na hazina protini. Na kama mzee ana kisukari, au sukari inapanda kutokana na deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi) wanayopewa pamoja na kemo, hapo kuna mpango wake wa kipimo na daktari. Lakini vijiko viwili vya sukari kwenye uji wa maziwa na karanga kwa mtu aliyepoteza kilo tisa, hapana, visiwanyime usingizi.

Kuhusu vidonge vya vitamini A na karoti. Karoti ya kula jikoni haina neno. Vidonge ndivyo ninavyovipiga vita. Finland walifanya utafiti kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, wakawapa vidonge vya betakarotini wakitarajia kuwakinga. Majibu yalitoka 1994: waliomeza walipata kansa ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Wamarekani walikuwa na utafiti wao unaofanana, wakausimamisha mapema 1996 kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo "vinasafisha mapafu" ni maneno ya muuzaji.

Mstafeli: tunda lake akilitamani ale, ni tamu na lina kalori. Majani ya kuchemsha kila siku ndiyo sipendi. Hakuna utafiti kwa binadamu ulioonyesha yanatibu kansa ya mapafu, na kule visiwa vya Guadeloupe matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na ugonjwa wa mtetemeko na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Isitoshe ile chai ni kikombe kilichokaa mahali pa maziwa, kama Mama Njiro alivyosema. Chochote cha mitishamba anachotumia, mlonge, sijui unga wa nini, kitajwe kwa daktari. Hawatawafokea. Wakifoka mniambie. Na wenye wagonjwa wanaotumia vidonge vya kulenga kansa, jamii ya erlotinibu na gefitinibu, balungi waliache. Linavuruga namna dawa inavyovunjwa mwilini.

#10 Mfamasia wa Kona

Niongeze moja kabla uzi haujapoa. Kuna watu watakuuzia "vidonge vya kunenepa" vimefungwa kwenye karatasi bila jina. Mara nyingi ni deksamethasoni imechanganywa na siproheptadini, dawa ya mzio. Uso unavimba, ndugu wanafurahi mzee ameshiba, kumbe ni mafuta na maji, si misuli. Steroidi hiyo ikitumika muda mrefu inakula misuli, inapandisha sukari na kushusha kinga, kwa mtu ambaye kemo imeshaishusha kinga yake. Hospitalini daktari anaweza kumpa kwa muda mfupi akiwa na sababu, hiyo ni habari nyingine.

Dawa halali za kuamsha hamu zipo. Megestroli inaongeza uzito kwa baadhi ya watu lakini inaweza kugandisha damu kwenye mishipa, na kansa ya mapafu yenyewe tayari inapenda kugandisha. Inayozungumzwa sasa ni olanzapini, dawa ya siku nyingi ya magonjwa ya akili. India mwaka 2023 walichapisha utafiti wa wagonjwa 124 waliokuwa wanaanza kemo, wa mapafu, tumbo, ini na kongosho. Nusu walipewa miligramu 2.5 kila usiku kwa wiki 12. Walioongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 5 walikuwa 60 kwa mia, upande wa pili 9 kwa mia. Haina gharama kubwa, inapunguza na kichefuchefu, lakini inaleta usingizi na ina masharti yake. Usije dirishani kwangu kuiomba. Mtaje jina kwa daktari wako, aamue yeye. Japani wana anamorelini tangu 2021, ila hiyo kwetu ni ya kusoma tu.

#11 Ngarenaro Mjini

Mfamasia asiyetaka kuuza dawa. Arusha kuna mambo.

#12 Mgeni wa Tengeru

Samahani naingilia. Mama yangu naye ni mapafu, lakini yeye kemo imesimamishwa, daktari alisema tumrudishe nyumbani tumtunze. Sasa ni wiki hajala kitu cha maana, analala muda mwingi, midomo imekauka. Dada zangu wanambana pua wamnyweshe uji kwa bomba la sindano. Jana alipaliwa vibaya. Nikiwazuia wananiambia nataka afe na njaa. Nifanyeje?

#13 Lishe Kwanza

Mgeni wa Tengeru, pole sana. Yote niliyoandika hapo juu ni ya mgonjwa aliye kwenye matibabu, mama yako yuko mahali pengine na sheria zake ni tofauti.

Acheni kumbana pua leo hii. Uji ule unaweza kuingia kwenye mapafu ukamletea nimonia na kumkosesha pumzi. Mwili unapokaribia mwisho unafunga kazi zake wenyewe, utumbo hauchakati tena, na njaa kama tunayoisikia mimi na wewe kwa kawaida haipo. Waambie dada zako hivi: mama haondoki kwa sababu hali chakula, hali chakula kwa sababu anaondoka. Najua ni maneno mazito. Yaseme hata hivyo, kwa upole, na ikibidi mwite mchungaji au padri mkae naye.

Kazi ya mikono yenu bado ipo. Lowesha pamba safi au kitambaa laini, mpanguse midomo na ndani ya mdomo kila baada ya saa moja au mbili. Midomo ipakwe mafuta. Akiwa macho na akitaka mwenyewe, mwinueni kichwa, kijiko kimoja cha maji, chai au mtindi, akimeza sawa mpeni cha pili, akigeuza uso basi. Hata kama anachotaka ni kuonja soda, aonje. Ulizeni huduma shufaa, hospitali kadhaa za KKKT zinayo, hapo Arusha Selian wameifanya kwa miaka mingi na wanafika hadi majumbani. Wataangalia maumivu na pumzi, ambavyo kwake sasa vina uzito kuliko uji.

#14 Mama Njiro

Mgeni wa Tengeru, nimekutumia ujumbe pembeni. Niko Jumatano sokoni huko kwenu, tutaonana.

#15 Mwana wa Kibosho

Wakuu narudi na mrejesho. Fangasi ya mdomoni amepewa dawa, utando umeondoka, na ya kulainisha choo amepewa. Daktari aliuliza nani ametufundisha kumulika mdomo, nikamwambia mtandaoni, akacheka. Olanzapini nimeitaja, amesema ataifikiria baada ya kuona dawa zake nyingine.

Mzee anakula. Si kama zamani, ila asubuhi anamaliza bakuli dogo la mtori na saa nne anadai uji wake wa karanga. Mizani leo 62.4, nguo zilezile. Miguu nimeibonyeza, haijavimba, kwa hiyo si maji. Anatembea mpaka kwa jirani na kurudi. Shangazi hajakubali kwa mdomo, lakini jana nimemkuta anamkorogea maziwa na parachichi, sukari akaweka kijiko kimoja badala ya viwili. Tumeyaacha hapo.

Maswali mawili. Moja, watu wanamletea mtindi, maziwa freshi, mbege (pombe ya ndizi) na kisusio (supu ya damu). Mnasemaje, maana chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zilisoma chini? Mbili, tumeambiwa baada ya kemo ataenda mionzi ya kifua hospitali ya Ocean Road, Dar. Tujiandae vipi upande wa chakula?

#16 Lishe Kwanza

Hiyo 0.4 usiidharau, kwa mtu aliyekuwa anashuka kusimama tu ni kazi.

Maziwa yachemshwe yote, hata ya ng'ombe wenu mnayemjua tangu ndama. Mtindi uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa, ukigandishwa kwenye chombo safi. Kisusio kama kimetokota vizuri na damu imeiva kabisa na ni cha leo, aonje. Damu mbichi hapana. Mbege aache wakati huu. Maji yake, vyombo vyake na mikono iliyopita huwezi kuvithibitisha, na pombe inachubua mdomo ambao ndiyo kwanza umepona. Nyama iive mpaka ndani, mayai yaive mpaka kiini kigande, matunda ya kumenya ni salama kuliko ya kula na ganda, kachumbari ioshwe kwa maji safi au isubiri. Kiporo cha mtori kisilale mezani. Na joto likifika 38, hata kama ni saa nane za usiku na mzee anasema yuko sawa, ni hospitali moja kwa moja.

Mionzi ya kifua: koo la chakula linapita katikati ya eneo linalopigwa, kwa hiyo kuanzia wiki ya pili au ya tatu anaweza kusikia kama kidonge kimekwama, baadaye kumeza kunauma. Si kwamba kansa imerudi, ni kuungua, na hutulia taratibu wiki chache baada ya mionzi kuisha. Kabla ya kwenda mpandisheni kilo kadiri mtakavyoweza, hiyo ndiyo akiba. Akiwa huko chai ya moto, pilipili, ndimu na vikavu kama chapati na mihogo ya kuchoma viondoke. Mtori uliosagwa mwepesi, uji mzito wa maziwa uliopoa, mtindi, parachichi, mayai laini ya kuvuruga yaliyoiva. Kumeza kukianza kuuma aseme siku hiyohiyo, kuna dawa za maji za kutuliza anazomeza kabla ya kula. Asijikaze kiume mpaka aache kula.

Na kaka wa Dar ambaye kazi yake imekuwa kupiga simu na kusema "mlazimisheni", sasa zamu ni yake. Mtumieni ujumbe wa Mama Njiro wa uji, anunue blenda na mizani ya kupimia uzito, mzee akifika avikute.